Pa Kuweka Mia

Bomba la Oli nalifungua saa kumi na moja,
Arua ikiwa bado na kikohozi cha usiku.
Dumu moja, mia moja. Hesabu yangu haina nukta.
Hadi magharibi kiganja kinanuka chuma:
ng'ombe wa pembe ndefu kwenye kila mia,
mara mojamoja samaki wa mia mbili,
na korongo wa mia tano kwa anayelipa deni la wiki.
Zizi, ziwa na anga,
vyote nalala navyo chumba kimoja.

Mwanzo nilizitia kwenye chupa ya asali ya Yumbe.
Kioo hakina adabu, kinamwambia ukweli kila mgeni.
Ayikoru alikuja kuazima chumvi,
macho yakahesabu kabla mkono haujapokea.
Kesho yake akarudi kuazima elfu nane.

Nikahamia kopo la mafuta ya kupikia.
Kopo, jamani!
Tia moja tu, na nyumba ya tatu wanajua umeuza.
Nikawa natia mvua inapopiga mabati.
Kiangazi kikaingia,
nikakaa na mia mkononi, nangoja radi.

Chungu cha mama kilikuwa kimya,
lakini udongo hutoka jasho.
Nilipokifunua, ng'ombe wameota kutu hadi pembeni,
na mwenye duka akanitazama
kama mtu aliyezifukua makaburini.

Gunia? Panya.
Sitaki kulizungumzia gunia.

Ndipo nikajiona mwerevu:
si nauza maji kwa dumu?
Basi dumu linitunzie malipo yake.
La njano, lita ishirini,
mdomo unameza mia bila kutafuna.
Miezi kumi na minne lilimeza.
Siku alipokuja mtu wa kukata maji, ankara mkononi,
nikalishika mkono wake kama nilivyoshika maelfu.
Halikutikisika.
Watoto wa darasa la tatu hubeba dumu la maji kichwani
na bado wanagombana njiani.
Hili, Anguyo na kaka yake walilivuta
hadi mkono wake ukang'oka,
saruji ikapata ufa
unaoanzia kitandani na kuelekea mlangoni.

Tulilipasua kwa panga, ua mzima ukitazama.
Sauti yake, mvua ya mawe.
Tulihesabu kumikumi juu ya mkeka hadi isha,
na yule mtu wa kukata maji akinywa chai yangu,
mwishowe akashika rundo naye akahesabu.
Koleo lake alilisahau. Ninalo.

Tangu siku ile nina sheria moja:
chombo nisichoweza kukiinua peke yangu
si mimi ninayekimiliki.

Bakhit alikwenda Juba kwa miezi mitatu,
huu mwaka wa nne.
Aliacha soksi jozi sita, nyeusi, za kazi ya ulinzi,
amezikunja mwenyewe, kila moja ndani ya mwenzake.
Nilikuwa nazitunza kwa sababu nisiyoitaja.

Soksi hailii. Soksi haionyeshi kitu.
Mia mia tatu kila mguu, fundo juu,
elfu thelathini kamili, bila kuhesabu tena.
Bili ya maji inakula mguu na nusu.
Karo ya Zaituni, miguu minne,
na bursa wa shule ameshazoea kufungua mafundo.

Ayikoru akichungulia nasema
ni vitu vya mwenyewe, ataviulizia.
Jioni nafagia hadi chini ya kitanda,
nazigusa kwa ncha ya ufagio, moja moja.
Miguu kumi na miwili,
mizito, imetulia, visigino ukutani.
Hakuna hata mmoja
unaouliza njia ya Juba.